Kuzunguka Ziwa Duluti na mama mwenye maumivu ya magoti

Mama yangu amekulia kwenye miteremko ya Mlima Meru, na tangu magoti yaanze kumsumbua amekuwa akiulizia msitu kama mtu anayeulizia ndugu. Daktari alimruhusu kutembea, mradi asipande wala kushuka sana. Nikamchagulia Duluti, ziwa dogo lililokaa ndani ya kreta ya volkano ya kale pale Tengeru, jirani na barabara ya Arusha kwenda Moshi. Njia ya miguu inapita msituni karibu na maji, na sehemu kubwa ni tambarare. Mwenye miguu mizima haimchukui hata saa mbili kuzunguka. Sisi tulijipa asubuhi nzima.

Uamuzi huo wa muda ndio uliofanikisha kila kitu. Sikuupanga mzunguko kwa umbali, niliupanga kwa vituo. Tunatembea mpaka pale miti inapoachia nafasi ya kuona ziwa, namkunjulia mama kigoda, tunakaa kimya robo saa au zaidi, ndipo tunainuka. Nilikuwa nimefikiria magoti yake tu, kumbe mpango huohuo ndio unaowaleta wanyama. Mtu anapopita, ndege wa majini huruka au hujificha kwenye matete. Akitulia, wanarudi mmoja mmoja kwenye matawi yao yaleyale, kwa sababu kila mmoja ana mahali pake pa kuvulia.

Wa kwanza kurudi alikuwa mdiria, yule wa madoa meusi na meupe. Huyu hahitaji tawi: husimama hewani juu ya maji akipigapiga mabawa, kichwa kimetulia tuli, kisha hujitupa chini. Kwenye gogo lililoinamia ziwa mnandi alikuwa ametandaza mabawa yake juani. Mama akauliza kama ameumia. Hapana, anajikausha, manyoya ya mnandi hulowa maji anapozamia samaki, na kulowa huko kunamsaidia kuzama. Chini yake, juu ya mizizi, kenge mkubwa alikuwa anaota jua. Ndiyo maana asubuhi ni saa nzuri ya kumwona: bila joto la jua kenge ni mzito, na hana haraka ya kukimbia.

"Mama, twende?"

"Ngoja kwanza, mwanangu. Yule ndege hajamaliza."

Ndani ya msitu macho hayasaidii sana, majani ni mengi. Hapo tulitumia masikio. Hondohondo mkubwa utamsikia kabla ya kumwona, maana hewa inayopita kati ya manyoya ya mabawa yake hutoa mvumo mzito unaojaza msitu. Ukiusikia, tafuta mkuyu wenye matunda yaliyoiva, kwani huko ndiko anakoelekea, na mara nyingi kima wamekwisha kumtangulia. Tuliwakuta wakila juu kabisa, na tuliwajua kwa maganda na vipande vya matunda vilivyokuwa vinatudondokea. Furukombe alilia mara kadhaa upande wa pili wa ziwa, na mama akamjibu kwa kupunga mkono.

Kuhusu vifaa, fimbo mbili za kutembelea ni bora kuliko moja, na urefu wake uwe ule unaokunja kiwiko kama kona ya mraba. Kwenye miinuko midogo mama alipanda mwenyewe. Kwenye kushuka, ambako goti hubeba uzito zaidi, nilitangulia mbele yake hatua moja. Darubini yetu inakuza mara 8. Ile ya mara 10 huvuta karibu zaidi lakini hukuza pia mtetemo wa mikono, na mikono ya mama haitulii kama zamani. Suruali tulizichomeka ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, na kweli tuliwakuta wamekata njia. Tuliwavuka kwa hatua ndefu bila kusimama.

Ningependa watu wenye wazazi wazee wajaribu hili, ila wachague msimu. Kwenye masika, Machi hadi Mei, udongo wa msituni huteleza vibaya, na fimbo haitoshi. Waende mapema pia, kwa kuwa Meru hujifunika mawingu kadiri asubuhi inavyosogea, na ni mapema vilevile ndipo pana matumaini ya kuiona Kilimanjaro upande wa mashariki.

Sasa mama anataka maziwa ya Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, akawaone heroe, yaani flamingo. Kule kuna nyati na viboko, hivyo kutembea kwa miguu ni pamoja na askari mwenye silaha. Kabla ya kukubaliana njia nitamweleza askari huyo kuhusu magoti na kumwomba tukae mara nyingi kuliko watu wengine. Tunasubiri Juni, udongo ukauke.