Foleni ya Mchoro Mmoja, Angoulême

Chumba nilichopata kilikuwa nusu saa kwa gari kutoka mjini, kidogo kama stoo, na kilinila euro 120 kila usiku. Kwa hela hiyo Kariakoo ningelala wiki nzima. Lakini ndivyo Angoulême ilivyo mwisho wa Januari: kimji kilicho juu ya kilima kusini-magharibi mwa Ufaransa, vibao vya mitaa vimechongwa kama puto la maneno ya katuni, na tangu 1974 tamasha lake la katuni limekuwa likikijaza wapenzi kutoka kila pembe ya dunia.

Nilikwenda 2024. Siku ya kwanza ilikuwa baridi tupu. Ya pili niliimaliza kwenye foleni.

Pale watu hawafuati kitabu peke yake, wanamfuata mchoraji. Unanunua kitabu chake, unapanga foleni, naye anakuchorea picha kwenye ukurasa wa mwanzo huku ukimtazama. Changu kilikuwa euro 29, karibu shilingi 80,000. Nililipa roho ikiniuma, nikasimama tangu saa nne asubuhi. Saa saba mchana, wakiwa wamebaki watu wanne mbele yangu, mhudumu akanyoosha mkono: foleni imefungwa, mchoraji anakwenda kula. Nilitamani kulia.

Nyuma yangu alikuwepo mzee mmoja, mstaafu wa posta, na kigoda chake cha kukunja. Hakukasirika. Akaninunulia kahawa, akafungua faili lake la plastiki: michoro ya miaka thelathini, kila mmoja na sahihi yake. Kwetu mtu mzima akishika katuni huambiwa akue. Mzee huyu alikuwa na wajukuu, na foleni nzima ilikuwa ya watu kama yeye. Vijana wengi walikuwa upande wa manga, yaani katuni za Kijapani, maana 2022 zaidi ya nusu ya vitabu vya katuni vilivyouzwa Ufaransa vilikuwa manga.

Mzee alifurahia sana tuzo kuu ya mwaka ule. Alikuwa amepewa Posy Simmonds, mama wa Kiingereza mwenye miaka 78, aliyechorea gazeti miaka na miaka. Gazeti! Nikamkumbuka mchoraji wetu Christian Gregory na katuni yake ya Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru. Nikakumbuka jarida la katuni la Sani, tulivyokuwa tukiigombania nyumbani mpaka ikachanika, kisha mama akafungia maandazi.

"Nani anachora kwenu?" mzee akaniuliza.

Badala ya wachoraji nikamtajia wahusika wa Sani: Ndumilakuwili, Lodilofa, Madenge. Akataka kuwaona. Nilipekua simu yangu yote nisipate hata picha moja iliyosomeka. Aibu ile sijaisahau. Asubuhi ya kuondoka nilivuka mto Charente kwenda kwenye makumbusho ya katuni, yaliyo kwenye maghala ya zamani ya konyagi ya Kifaransa. Humo kurasa halisi za wino zimehifadhiwa kwenye mwanga hafifu zisififie. Mwaka 2021 hapo hapo yalifanyika maonyesho ya katuni za Afrika, yakaitwa Kubuni. Walichukua neno la Kiswahili, nasi wenye neno, nijuavyo mimi, hatuna chumba kimoja cha kutunza kurasa za Sani. Ziko wapi? Nani anazo? Waliozichora wanazeeka, wengine wametangulia, na kila masika panya na maji vinakula kilichobaki.

Lakini siku ile ya foleni nilikuwa na kalamu. Niligeuza risiti ya kahawa nikamchora Lodilofa jinsi nilivyomkumbuka, mkono ukitetemeka kwa baridi. Mzee akavaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu, akaniomba niweke sahihi kama wanavyofanya wengine.

Sikuweza kutia jina langu. Niliandika la mchoraji wake: Philip Ndunguru, Tanzania, alifariki 1986. Akaitia kwenye faili, ukurasa wa peke yake, akakunja kigoda, tukarudi kwenye foleni ya mchana.