Ukilifungua jina la -son unamkuta baba wa mtu ndani

Wapendwa habari za siku nyingi, najua nimepotea humu lakini nina sababu nzuri, nina mimba ya miezi nane na tulishaambiwa ni wa kiume, na tangu siku ile ya ultrasaundi kazi yangu kubwa usiku, usingizi ukigoma, ni kutafuta jina. Mimi na baba kijacho tumekubaliana kitu kimoja tu, kwamba tunapenda yale majina ya Kiingereza yanayoishia na -son, Hudson, Harrison, Jackson, Dawson, mlio wake unatuingia sote wawili. Ila nikamwambia mi siwezi kumpa mwanangu jina la kutembea nalo maisha yake yote kwasababu ya mlio peke yake, lazima kwanza nijue ndani kuna nini.

Na ndani kuna baba wa mtu. Ndo maana yake, -son ni mwana, Harrison ni mwana wa Harry, sawasawa kabisa na sisi tunavyosema bin. Lakini kilichonifanya niwashe taa saa nane usiku nimwamshe mwenzangu ni hiki, huyo baba aliyemo ndani ya jina mara nyingi hakuwekwa kwa jina lake la ubatizo, aliwekwa kwa jina alilokuwa akiitwa nyumbani, kwahiyo usipolijua lile la nyumbani maana yote inakupita.

Naanza na Richard kwasababu ndo jina la mume wangu. Asili yake ni Kijerumani cha kale, nusu ya kwanza ni utawala na nusu ya pili ni uimara, na lilijaa Uingereza baada ya mwaka 1066 Wanormani walipovuka bahari kutoka Ufaransa wakaiteka nchi. Walikuja na kina William, Robert, Hugh, Henry, Richard, na baada ya vizazi vichache Waingereza wengi wakawa wameyaacha majina yao ya zamani, kila anayezaliwa anapewa hayohayo machache, ongeza na John na Thomas ya kanisani. Sasa fikiria kijiji kidogo kina kina Richard sita na kina John kumi, ukiita mmoja wanageuka wote! Basi watu wakawa wanalikata jina na kulichezea kwa vina, Richard akawa Rick, kwa jirani akawa Dick, kwa mwingine Hick. Robert akawa Rob, Hob, Dob. Roger akawa Hodge. Yaani unabadilisha herufi ya mwanzo tu, kama watoto wanavyotaniana majina wakiwa wanacheza, ila hawa walikuwa watu wazima na ndo majina yaliyokaa mpaka leo.

Ukishajua hapo unaanza kuwaona. Dixon ni mwana wa Dick, yaani mwana wa Richard, na ile x siyo mtindo wa juzi, waandishi wa zamani walikuwa wanafupisha hivohivo. Hickson ni mwana wa Richard. Hobson, Dobson na Robinson wote watatu ni wana wa Robert, na ukiwapanga mstari mmoja huwezi kudhani baba ni mmoja. Dawson ni mwana wa Daw, na Daw ni David. Gibson ni wa Gilbert, Watson ni wa Wat ambaye ni Walter, Nixon ni wa Nicholas, Lawson ni wa Lawrence. Jackson nilikuwa nadhani ni mwana wa James au Jacob, kumbe hapana, Jack ni John. Ilianza na Jankin, ile -kin ni kama ka- yetu ya kudogosha kwa upendo, kaJohn, halafu ikalegea mdomoni mpaka ikafika Jack. Kwahiyo Jackson, Johnson na Jenkins wana babu mmoja, na jina la huyo babu kwa Kiebrania ni Mungu amekuwa na neema, ambayo mi naiona ni maana nzuri kuliko zote nilizokutana nazo.

Harrison nalo lilinisumbua kidogo kwasababu nilidhani Harry ni kifupi cha Harold. Ni Henry. Waingereza wa zamani hawakuliweza lile Henri la Kifaransa la puani, wakalitamka Harry, na lilikuwa ndo tamko la kawaida kabisa hata kwa wafalme, na kina Henry walitawala wanane, wa kwanza alianza 1100 na wa mwisho akafa 1547. Kuna John Harrison alizaliwa 1693, mtoto wa fundi seremala na yeye mwenyewe seremala, ndo huyo aliyetengeneza saa ya kwanza ya kuaminika ya kupimia longitudo melini, yaani kujua meli imefika wapi upande wa mashariki au magharibi, miaka na miaka anahangaika nayo, na mwanae William ndo aliyepanda nayo meli kwenda kuijaribu. Baba anatengeneza, mwana anaipeleka baharini. Nililipenda sana jina siku hiyo.

Swali ambalo mume wangu aliuliza, na ni zuri, ni kwamba kama Dixon ni mwana wa Dick, mtoto wa Dixon mbona naye anaitwa Dixon? Mwanzoni haikuwa hivo, kila kizazi kilikuwa na jina lake, John Dickson anazaa mtoto anaitwa fulani Johnson. Ila watu wa kodi na mahakama na wenye ardhi walihitaji kujua nani ni nani, na orodha za kodi ya kichwa za 1377 na 1379 zimejaa majina ya namna hii, na kidogokidogo jina la baba likaganda likawa la ukoo. Kule Iceland mpaka leo halijaganda, mtoto wa kiume wa Jón ni Jónsson na binti yake ni Jónsdóttir, na wajukuu wanabadilika tena. Na ndani ya Uingereza yenyewe -son ni zaidi ya kaskazini, ambako Wadenmark na Wanorwe walihamia karne nyingi nyuma wakaacha lugha yao kwenye midomo ya watu. Kusini na Wales walitosheka na s peke yake, Richards, Roberts, Williams, Davies, hiyo s ni kama wa yetu tu, wa Richard, wa Robert. Na Wales kabla ya hapo walikuwa wanasema ap, na ap ikimezwa na jina unapata Pritchard, ap Richard! Bowen, ambalo siku hizi watu wanawapa watoto, ni ab Owain.

Sasa tahadhari. Wifi yangu alikuwa anapendekeza Mason kila siku, na nikampigia nikamwambia wifi, jina zuri sana lakini hakuna mwana humo, Mason ni mwashi, fundi wa kujenga kwa mawe, ni jina la kazi. Jason ni la Kigiriki, linahusiana na kuponya. Samson ni la Kiebrania, limetoka kwenye neno jua. Tyson mara nyingi inaelezwa kwamba imetoka Kifaransa cha zamani, kinga cha moto, yaani kile kipande cha kuni kinachowaka, walikuwa wanampa mtu mwenye hasira za haraka, na hapo nikakumbuka kinga na kinga ndipo moto uwakapo, nikasema la, tumwache. Grayson lina mwana kweli, ila baba hatajwi jina, anatajwa cheo, msimamizi wa mashamba ya bwana.

Na siyo kina baba tu, hili nataka kina mama wenzangu mlisome vizuri. Madison mara nyingi inaelezwa ni mwana wa Maddy, na Maddy alikuwa Maud, na Maud ni Matilda. Mwana wa mama! Mfalme Henry wa 2, aliyeanza kutawala 1154, aliitwa Henry FitzEmpress, yaani mwana wa yule mama aliyekuwa mke wa Kaisari, kwasababu haki yake ya kiti ilipitia kwa mama yake Matilda. Fitz ndo bin ya Wanormani, na Fitzroy ni mwana wa mfalme, jina ambalo wafalme waliwapa watoto wao wa nje ya ndoa, kama Henry Fitzroy aliyezaliwa 1519 kwa Henry wa 8. Madison sasa hivi wengi wanalijua kama jina la kike, na hiyo ilianza na filamu ya Marekani ya 1984 ambayo nguva anajichagulia jina kwenye kibao cha barabara ya New York.

Yaliachaje ukoo yakawa majina ya kwanza? Njia moja ni mama, familia nyingi zilimpa mtoto ukoo wa mama yake ili usipotee, John Fitzgerald Kennedy alipata hilo la katikati kwa mama yake aliyezaliwa Rose Fitzgerald. Njia nyingine ni mashujaa, Nelson ni mwana wa Neil, na baada ya amirali Horatio Nelson wa jeshi la majini la Uingereza kufa kwenye vita vya Trafalgar mwaka 1805 lilisambaa duniani kote mpaka mwalimu wa shule ya msingi akampa mtoto mmoja wa Qunu, Afrika Kusini, siku yake ya kwanza darasani, na dunia ikamjua kwa hilo, Nelson Mandela.

Basi tukabaki na Hudson. Hudd ni jina la nyumbani la Hugh, na kuna sehemu lilikuwa la Richard pia, kwahiyo linatufaa kabisa, baba kijacho alishaanza kuliita tumboni. Halafu nikasoma habari ya nahodha Henry Hudson. Alinaswa na barafu kaskazini mwa Kanada msimu mzima wa baridi, na Juni 1611 mabaharia wake wakamwasi, wakamshusha kwenye mashua ndogo yeye na watu wengine saba na mwanae John, kijana mdogo tu, wakawaacha humo. Hawakuonekana tena. Nililia, nikamwonyesha Richard akasoma akanyamaza, halafu akasema angalau mtoto na baba yake walikuwa mashua moja. Ni kweli, ila mi nikashindwa, kila nikisema Hudson naiona ile mashua.

Juzi mama mkwe akapiga simu, mimi ndo nikapokea, na kama kawaida yake akauliza, mama, Riki hajambo? Hajawahi kumwita Richard hata siku moja, ni Riki toka mtoto. Nilipokata simu nikakaa hapohapo kitandani. Riki ni Rick. Mwana wa Rick ni Rixon, lipo kweli, ni jina la ukoo la zamani la Kiingereza na hakuna aliyelitaja kwenye orodha zetu zote. Nikampigia mama tena nikamwelezea, akaniambia nilitamke taratibu, nikalitamka mara mbili, akalirudia mwenyewe, halafu akasema, kwahiyo ni mwana wa Riki wangu.

Nikamwambia ndiyo mama, ndo lilivyo.