Nilivyotoka Shambani Hadi Bunge la Kaunti

Nilipoamua kuwania kiti cha mwakilishi wadi katika bunge la kaunti mwaka 2017, viwavijeshi walikuwa wamevamia mahindi yetu huku kaskazini mwa Bonde la Ufa, nchini Kenya. Ukifunua moyo wa mche unakuta uchafu kama vumbi la mbao, na ndani kiwavi amejikunja, ana madoa manne meusi karibu na mkia. Watu walipulizia dawa saa sita mchana, kiwavi akiwa amejificha. Afisa wa ugani, yaani mtaalamu wa kuwashauri wakulima mashambani, hatukumwona. Katiba ya 2010 iliiachia kaunti shughuli za kilimo, kwa hiyo nikaona bungeni lazima aende mtu anayelima.

Niligombea bila chama. Mgombea huru wa wadi sharti aungwe mkono na wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi hiyo, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Fomu nilizitembeza kwa miguu: alfajiri kwenye kituo cha maziwa, mchana kwenye palizi. Wengi walitia sahihi mikono ikiwa na udongo. Pesa za kugawa sikuwa nazo. Nilikuwa naingia shambani na mwenyeji wangu, namwonyesha kupulizia asubuhi na mapema au jioni, dawa ielekezwe ndani ya moyo wa mche. Naamini hilo ndilo lililonipa kura Agosti 8.

Bungeni, kazi ngumu ilikuwa kalenda. Makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni kabla ya Aprili kuisha, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Kwetu hiyo ni miezi ya kupanda, kupalilia na kutia mbolea ya kukuzia. Ukiitisha maoni ya umma ukumbini siku ya kazi, saa nne asubuhi, mkulima gani ataacha shamba? Na asipokuja, kilimo kinapewa makombo. Hili liliniuma sana.

Niliomba niwekwe kwenye kamati ya bajeti, nikapigania tusikilize watu sokoni, siku ya soko. Kurasa za kilimo niliziandika upya kwa Kiswahili, mamilioni nikayageuza kuwa mifuko ya mbolea na ekari. Mama mmoja muuza maharagwe akaniuliza, "Mheshimiwa, hii pesa ya warsha ingenunua pikipiki ngapi za maafisa wa ugani?" Swali hilo nililisoma mbele ya kamati neno kwa neno. Sheria inaturuhusu kubadilisha makadirio, mradi tukiongeza hapa tupunguze pale. Tulibishana hadi usiku, na sehemu ya pesa za warsha ikahamishiwa ugani.

Mwaka uliofuata wakulima walinidai nakala ya makadirio kabla hata sijaipata mimi.