Ugenini kwa wafuga nyuki wa Lunigiana

Waswahili tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Familia iliyonipokea Lunigiana, kaskazini mwa Toscana, Italia, haikuwa na subira hiyo. Kahawa haijapoa, Mzee keshanivisha ovaroli na kofia ya wavu, kanikabidhi bomba la moshi wa kutuliza nyuki, huyo anapanda mlima.

Ilikuwa mwanzoni mwa Juni na kazi ilikuwa ya mbio. Robinia, mti ambao Waitaliano wanauita acacia, ulishamaliza kuchanua, na castagno, yaani mti wa chestnut, ulikuwa karibu kufungua maua yake. Masanduku ya juu ya mzinga, yanamojaa asali, yasipoondolewa katikati hapo, asali nyeupe ya robinia na asali nyeusi ya castagno zinachanganyika, na mnunuzi hataki mchanganyiko. Asali hizi mbili za Lunigiana ndizo za kwanza Italia kupata alama ya DOP, ile ya Ulaya inayolinda jina la bidhaa ya mahali fulani, mwaka 2004, kwa hiyo watu hawafanyi mchezo nazo.

Mimi nimezoea nyuki wa kwetu, ambao ukigusa mzinga mchana unatafuta pa kukimbilia. Hawa wa ligustica, aina ya nyuki wa Italia wenye mikanda ya manjano, walitembea juu ya fremu kana kwamba hatupo. Mtoto wa Mzee alizishika kwa mikono mitupu. Akainua fremu ya sanduku la chini akanionyesha malkia: mrefu, ana doa la kijani alilopakwa mgongoni. Kijani ni cha waliozaliwa 2024. Rangi ziko tano, zinapokezana mwaka hadi mwaka, basi ukimwona tu unajua umri wake.

Kilichonishika hasa ni chumba cha kukamulia, na Bibi ndiye mwenye kisu. Anasimamisha fremu juu ya beseni, anapitisha kisu chini kabisa ya vifuniko vya nta, navyo vinaanguka kwa pande moja bila sega kuumia. Haongei akiwa kazini. Alinitilia tu kipande cha nta kiganjani, akaonyesha mdomo, nikatafuna. Fremu zikaingia kwenye mashine, ikazungushwa, asali ikaanza kupiga ukuta wa pipa kama mvua ya kwanza juu ya bati.

Chakula kilikuwa testaroli: uji mzito wa ngano unaokaangwa kwenye chungu cha chuma juu ya moto wa kuni, unakatwa vipande, unachovywa maji ya moto, kisha pesto, mchuzi wa majani ya basil. Nilikula mara mbili kwa sababu kukataa hakukuwezekana.

Mwisho ikaja jibini ya kondoo na asali ya castagno ya mwaka uliopita. Nyeusi, chungu, inabaki kooni. Mzee akasema wageni wengi huionja na kurudi kwa ile ya robinia. Mimi nilifuta kibakuli. Basi nimeambiwa nirudi mwezi wa saba wakivuna hiyo nyeusi, na nije na viatu vya maana, kwa sababu mizinga yake iko juu zaidi.