Jumapili Tuliyoitoa Yanga Kirumba

Mbao FC ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2016, Mwanza haikupiga hata ngoma. Timu zilizomaliza juu yake katika kundi lake la Ligi Daraja la Kwanza zilikutwa na hatia ya kupanga matokeo, zikashushwa, na nafasi ikawaangukia vijana ambao hakuna aliyekuwa akiwahesabu. Mjini wakaitwa timu ya mezani. Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki, nilipokuwa nikimsaidia baba yangu mdogo kupima dagaa, mazungumzo ya mpira yalianza na Toto African, timu nyingine ya Mwanza, yakahamia kwenye swali la Simba na Yanga zinakuja lini, na hapo yakaishia. Mbao ilitajwa tu pale mtu alipotaka kujua nani atashuka.

Mimi niliipenda mapema, na aliyenifanya niipende ni kocha. Etienne Ndayiragije, Mrundi, mpole, alikuwa na wachezaji ambao wengi wetu hatukujua hata sura zao, lakini walicheza kwa kupasiana. Nimeona timu nyingi ndogo zikija Uwanja wa Kirumba kubutua mpira mbele na kuomba Mungu. Hawa walitulia. Pius Buswita akipata mpira alinyanyua kichwa kwanza, na Jamal Mwambeleko akipanda kule kushoto ulijua kuna mtu atakayeziba pengo lake. Ukiwa mtu wa mpira, mambo hayo unayaona hata kama timu imefungwa, na Mbao ilifungwa mara nyingi tu msimu ule.

Baba mdogo alikataa kuja uwanjani. Yeye ni mtu wa Pamba. Kwa vijana inabidi nieleze: kabla ya haya yote kulikuwa na Pamba, yaani TP Lindanda, Wana Kawekamo, timu ya Mwanza iliyochukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1990. Kulikuwa na Khalfan Ngassa, baba yake Mrisho. Kulikuwa na George Masatu, Hussein Masha, Fumo Felician. Baba mdogo akiyataja majina hayo huacha mizani na kusimama wima. Pamba iliposhuka daraja, naye akaacha uwanja. Ukimwuliza sababu alikuwa na jibu moja: hawezi kulipa kiingilio aende kuwa mgeni nyumbani kwake.

Nilimwelewa vizuri Aprili 10, 2017, Simba walipokuja kucheza na Mbao kwenye ligi. Watu walikuja kutoka Geita, Sengerema, Shinyanga, Musoma, mabasi na mabasi, na Kirumba ikawa nyekundu. Hilo si kosa, kila mtu ana timu yake. Kilichoniuma ni wa kwetu. Mbao waliongoza mabao mawili kwa bila, vijana wetu, mbele ya Simba iliyokuwa ikiusaka ubingwa, na dakika zikawa zinakwisha. Kisha Simba wakafunga moja. Wakafunga la pili. Wakafunga la tatu muda ukiwa umeyoyoma kabisa, na mama mmoja wa Kitangiri ninayepanga naye foleni ya maji bombani akaruka akanikumbatia kwa furaha. Alidhani nami nafurahi. Alidhani hivyo kwa sababu nani mwingine ningemshangilia?

Nililia njiani. Niliporudi nyumbani baba mdogo alikuwa ameshasikia redioni. Aliniuliza kama nimekula, basi.

Mbao walikuwa bado wamo kwenye Kombe la FA, na nusu fainali ikawapeleka kwa Yanga, hapohapo Kirumba, Jumapili ya Aprili 30. Yanga wakati huo walikuwa mabingwa wa ligi na mabingwa watetezi wa kombe lenyewe, na wiki tatu baadaye wangeuchukua tena ubingwa wa ligi. Mshindi wa fainali angeiwakilisha nchi kwenye Kombe la Shirikisho Afrika. Nadhani ni hilo la Afrika lililomgusa baba mdogo. Pamba ilishawahi kucheza nje, na yeye bado huzungumzia safari hizo utadhani alikuwa kwenye ndege. Ijumaa jioni tukifunga magunia akasema, bila kuniangalia, "Mama, hiyo tiketi ya mzunguko, ya kule juani, siku hizi bei gani?" Huniita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Sikumjibu bei. Nilimwambia nitakata mimi.

Jumapili tulitoka mapema baada ya misa. Kwenye geti foleni ilikuwa ndefu, jua kali licha ya mvua ya usiku, matope ya barabarani yakinata kwenye viatu. Kijani na njano za Yanga kila mahali, kama nilivyotarajia. Ambacho sikukitarajia ni wekundu wa Simba. Simba walikuwa wamewatoa Azam siku moja kabla, Dar es Salaam, bao moja kwa bila, kwa hiyo walikuwa wanamsubiri mwenzao wa fainali, na mashabiki wao wa Mwanza walikuwa wameamua kwamba siku ile wao ni Mbao. Walikuja na jezi zao na matarumbeta yao, na walipoanza kuimba jina la Mbao, uwanja wote ulisikia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia jina lile likiimbwa na maelfu ya watu. Mwili ulinisisimka.

Baba mdogo hakusisimka. Alisikiliza kwa muda, kisha akanisogelea sikioni. "Hizi sauti ni za kuazima. Wenyewe watakuja kuzichukua."

Sikutaka kuyasikia hayo. Nilikuwa nimekaa katikati ya watu wanaopigia makofi kila pasi ya Mbao, na sikutaka kujua walitoka wapi.

Mpira ulianza, na dakika za mwanzo Yanga walitutia presha. Baba mdogo alikuwa amenunua karanga za kuchemsha kwenye kipande cha gazeti. Alizimenya moja baada ya nyingine, akaziweka kwenye kofia yake mapajani, wala hakula hata moja. Lundo likawa linapanda. Kijana aliyekaa mbele yetu akageuka akaomba, baba mdogo akamsogezea kofia nzima bila kuondoa macho uwanjani.

Bao lilipatikana kabla ya mapumziko. Mpira uliingizwa kwenye eneo la hatari la Yanga, beki wao akawahi kuokoa, na katika kuokoa akauelekeza wavuni kwake. Kwa sekunde moja hivi hakuna aliyeshangilia, kwa sababu waliokuwa upande wetu hatukuelewa kama ni kona au ni nini. Kisha nikaona wachezaji wa Mbao wanakimbia huku mikono juu, na mwamuzi anaonyesha katikati. Wapo wanaosema mpaka leo kwamba lile halikuwa bao la Mbao, kwamba Yanga walijifunga wenyewe. Mimi siwezi kulikubali hilo. Beki hajifungi akiwa ametulia. Anajifunga kwa sababu kuna mtu anamjia mgongoni na mpira umepigwa mahali ambapo hana namna, na waliomweka kwenye hali ile ni Mbao.

Nilipogeuka kumtazama baba mdogo, alikuwa amesimama wima, kama anavyosimama anapowataja kina Masatu. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa amenishika mkono juu kidogo ya kiwiko, kwa nguvu, na hakuniachia hadi mapumziko.

Kipindi cha pili kilikuwa cha mateso. Yanga walipata kona baada ya kona. Mbao waliacha kupasiana, nami nilisikitika, lakini nisingethubutu kuwalaumu: ukiongoza bao moja mbele ya Yanga kwenye nusu fainali, mpira wowote unaotoka nje ni mzuri. Kipa wetu akipiga goli kiki alisubiri hadi mwamuzi alipomnyooshea kidole. Upande wa Yanga walizomea, upande wetu walihesabu dakika kwa sauti. Nami nikarudiwa na ile Aprili 10. Nilikuwa nimeyaona mabao mawili yakiyeyuka dakika za mwisho uwanja uleule, na sasa tulikuwa na moja tu. Kila Yanga walipovuka mstari wa kati nilifumba macho, nikawa nafuata mpira kwa masikio. Ukisikia zomea, ujue umeokolewa.

Zilipooneshwa dakika za nyongeza, baba mdogo akaanza kusema na wachezaji kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, kama anavyosema na wavuvi wanapovuta mtumbwi ufukweni. Polepole. Msiachie. Polepole. Yule kijana wa karanga, aliyevaa jezi ya Simba, aliiacha kofia mapajani, akageuka kumsikiliza.

Filimbi ikalia. Mbao moja, Yanga bila. Timu iliyopandishwa mezani imemtoa bingwa mtetezi na inakwenda fainali ya taifa katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu.

Sikumbuki vizuri tulivyotoka. Nakumbuka mzee mmoja wa Yanga, jezi yake imeloa jasho, alisimama getini akiwapa mkono watu asiowajua, akirudia, "Leo mmetuweza." Nakumbuka kina mama wauza ndizi za kuchoma waliogawa zilizobaki. Na nakumbuka watoto. Kando ya barabara walikuwa wanacheza na mpira wa makaratasi, na mmoja akapaza sauti kwamba yeye ni Buswita. Mwenzake akabisha: Buswita ni mimi. Miaka yote niliyokaa Kirumba nimesikia watoto wakigombea kuwa nyota wa Simba na Yanga: Okwi, Ngoma, Niyonzima. Siku ile waligombea jina la mtu anayefanya mazoezi mjini kwao, wanayeweza kumwona akipanda daladala. Nilisimama nikawasikiliza mpaka baba mdogo akanivuta.

Jumatatu pale Mwaloni ilikuwa sikukuu mara mbili, maana ilikuwa Mei Mosi. Wateja wa Burundi wanaochukua dagaa zetu walikuja wakidai ushindi ni wao, kwa sababu kocha ni wao. Baba mdogo aliwapunguzia bei. Sijawahi kumwona akifanya hivyo kabla, na sijamwona tena.

Wiki zilizofuata zilikuwa na utamu na uchungu. Mei 20, mechi ya mwisho ya ligi, Yanga walirudi Kirumba, na Mbao wakawafunga tena, moja bila. Yanga walichukua ubingwa hivyohivyo, wakiwa na pointi 68 sawa na Simba, kwa tofauti ya mabao. Mbao walibaki Ligi Kuu. Toto African ikashuka, na ndugu zangu kadhaa wa Kishamapanda, mashabiki wa Toto, hawakuwa na hamu ya kusikia habari za fainali ya mtu yeyote.

Fainali ilichezwa Dodoma, Uwanja wa Jamhuri, Mei 27. Nauli hatukuwa nayo, dagaa zilikuwa zimeadimika. Tulikwenda kwenye kibanda umiza, banda la kutazamia mpira kwenye televisheni, karibu na soko. Nilipoingia tu nikawaona: wekundu wa Aprili 30, jezi zilezile, matarumbeta yaleyale, safari hii wakiimba Simba. Yule kijana wa karanga alikuwepo pia. Alimwamkia baba mdogo kwa heshima, akaenda kukaa na wenzake. Wa Yanga nao walikuja, na safari hii wao ndio waliojiita Mbao.

Dakika 90 zikaisha bila bao. Muda wa nyongeza Blagnon akaifungia Simba, na banda likatetemeka. Ndaki Robert akasawazisha, nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mwishoni kabisa Simba wakapata penalti, Shiza Kichuya akaiweka. Mbili moja. Kombe likaenda Msimbazi, kwa Simba, na nafasi ya Afrika nayo.

Najua yaliyofuata. Buswita alikwenda Yanga, Mwambeleko Simba. Ndayiragije naye aliondoka, na baadaye alipewa hata Taifa Stars. Mwaka 2020 Mbao wenyewe walishuka. Yote hayo yalikuwa mbele yetu, na usiku ule hatukuyajua. Nilichojua ni kwamba vijana wa Mwanza walikuwa wamewabana Simba kwa dakika 120 za fainali ya taifa, na niliamini, na bado naamini, kwamba hawakuwa wamepungukiwa chochote ila ile penalti.

Tulitembea kurudi nyumbani bila kuzungumza, Simba wakipita na bodaboda na honi. Tulipofika karibu na kona ya kwetu baba mdogo akasimama.

"Mama, ligi inaanza tena mwezi gani?"

"Agosti, baba."

"Basi safari hii tiketi nakata mimi. Na usituweke tena mzunguko kwenye jua."