Mstari wa maji ya moto hauvuji tena, na maungio hayakuwa na kosa

Wiki hii nimepitisha tishu kwenye kila ungio la mstari wa maji ya moto nyumbani kwa mama, Goba, alfajiri na mchana, na tishu imetoka kavu. Naandika mapema, maana ungio moja la mstari huo limenila kichwa kuliko kazi yote ya kupandisha hita ya jua juu ya paa.

Ni lile la adapta ya shaba, pale PPR (bomba la plastiki linaloungwa kwa kuchomelewa) ya milimita 25 inapopokea maji kutoka bomba la shaba linaloshuka toka kwenye tangi la hita. Kutoka hapo PPR inakwenda mita 6 moja kwa moja ukutani chini ya paa, inapinda kwa elbo, inashuka bafuni na jikoni. Fundi aliyelaza mstari huo zamani alibana klipu za chuma kila mahali, ya mwisho ikiwa shubiri moja tu kutoka kwenye elbo. Kwa macho ni kazi safi, bomba limenyooka kama rula.

Kila niliyemweleza alinijibu vilevile: hapo pamechomelewa vibaya. Basi adapta ikakatwa, ikawekwa mpya. Ikavuja. Ikaja nyingine nzito zaidi kutoka Kariakoo, tepu ikazungushwa vizuri, maji yakafunguliwa, kukawa kavu siku kadhaa, halafu matone yakarudi palepale. Inaudhi sana kupanda ngazi asubuhi na kukuta ukuta uliopakwa rangi juzi umechora tena mchirizi.

Kilichonionyesha njia ni saa ya matone. Yalitoka alfajiri, bomba likiwa baridi, na ikifika saa sita mchana ungio limekauka lenyewe. Ungio lililochomelewa vibaya halichagui saa. Hapo nikaacha kulitazama ungio, nikaanza kulitazama bomba.

PPR ya kawaida hurefuka milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila digrii moja ya joto. Shaba ni kama 0.017 tu. Alfajiri bomba lina nyuzi kama 25, na maji ya moto yakipita linafika 70, tofauti ya digrii 45. Mara mita 6, mara 0.15: karibu milimita 40. Sentimita nne zinatafuta pa kwenda, na huku klipu zimeziba njia pande zote! Bomba linajisukuma, na kwa kuwa plastiki ya moto ni laini, inakubali kubanwa na kutulia hivyohivyo. Usiku likipoa linataka kujikunja kuwa fupi kuliko nafasi yake, linaivuta adapta. Matone ya alfajiri ni huo mvuto.

Nililegeza klipu zote isipokuwa moja karibu na adapta, nikachora alama ya penseli ukutani kwenye ncha ya elbo saa kumi na mbili asubuhi. Saa nane mchana, baada ya kuacha maji ya moto yatiririke, elbo ilikuwa imesogea karibu sentimita nne kutoka kwenye alama. Nilibaki juu ya ngazi naangalia ile penseli kwa furaha ambayo jirani asingeielewa.

Dawa yake: klipu moja ya kushika, karibu na adapta ili isivutwe, na nyingine zote ziwe za kuteleza. Kisha mkono unaoshuka baada ya elbo uachwe huru upate kupinda. Urefu wake ni 20 mara kipeuo cha pili cha kipenyo mara urefukaji, yaani 25 mara 40 ni 1,000, kipeuo chake karibu 31.6, jibu milimita 632. Nimeacha sentimita 65 bila klipu. Anayelaza mstari kama huu akitumia PPR yenye nyuzi za kioo ndani, urefukaji unashuka hadi karibu theluthi moja, ila bei nayo inapanda.

Neno kuhusu mashine. Kuchomelea ni nyuzi 260, sekunde 7 kwa bomba la 25, halafu usilizungushe unapolisukuma. Taa ya mashine za bei rahisi siiamini hata kidogo, inazimika wakati vichwa vinavyoyeyusha plastiki bado havijafika joto hilo. Napima kwa kipimajoto cha mkononi. Na vichwa vikichubuka ile ngozi yake nyeusi, badilisha, plastiki itanasa. Kipindi hiki cha kusi juu ya paa ni pabaya, upepo unapoza vichwa. Mimi nachomelea chini, napandisha vipande vilivyokwisha ungana. Msumeno wa chuma sitaki kuuona karibu na PPR, mkasi wake upo.

Muuza duka aliniambia, "Kaka, ina mstari mwekundu, ya moto hiyo, wala usiogope." Soma maandishi ya kwenye bomba, mstari peke yake hautoshi. Natumia PN20, daraja la shinikizo la bar 20. Tangi letu la mnarani linatoa shinikizo la bar 0.4 tu bafuni, kwa hiyo ukuta mnene ni kwa ajili ya joto. PPR huishi vizuri kwenye nyuzi 70, na 95 ni ya muda mfupi. Wenyeji wakisafiri na jua likawaka, tangi la hita linaweza kukaribia kuchemka, ndiyo maana mita moja na nusu ya kwanza ni shaba. Bomba la kutolea la vali ya usalama nalo ni shaba, halina koki, na linaishia chini pasipopita mtu. Vali hiyo hufunguka kwenye nyuzi 99. Yanayotoka hapo si maji ya kuchezea.

Vali ya kuchanganya maji ya moto na baridi imeshawekwa, bafuni yanatoka ya nyuzi 45. Mama viungo vinamuuma asubuhi, na wajukuu wanafungua koki bila kuuliza. Maji ya 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kulifunika bomba lote kwa sponji nyeusi na karatasi ya alumini, maana jua huila PPR iliyo wazi. Nimefunika upande wa magharibi tu. Nimevutwa na jambo jingine: mama anamwaga ndoo nusu ya maji kabla ya moto kufika. PPR ya 25 ya PN20 ina tundu la milimita 16.6, inabeba lita 0.22 kwa mita. Mita 14 hadi bafuni ni lita 3. Ya 20 ina tundu la 13.2, ingebeba chini ya lita 2. Maji haya tunayalipia. Swali ni kama bar 0.4 itasukuma maji ya kutosha kuoga kwenye tundu dogo hivyo. Jumamosi naweka bomba la 20 kwenye tawi la bafuni peke yake, napima kwa ndoo na saa.