Siku moja maishani mwangu: seli, stima na shosho

Saa kumi na moja asubuhi simu inalia na mimi nishaamka, manake Jumatano ni siku ya seli zangu za maabara na seli hazijui kungoja mtu. Chai ya jana kwa thamosi, sweta, mbio hadi steji. Naishi Githurai na ukitoka baada ya saa kumi na mbili Thika Road inakumeza, na nauli nayo inapanda bila aibu. Makanga ashanizoea, ananiita daktari, kila siku ananiuliza dawa ya mgongo na kila siku namwambia mimi ni wa maabara sio wa wagonjwa. Leo amenijibu, "Si ni kitu moja tu, madam." Nashuka tao, napanda nyingine ya Ngong Road.

Saa moja kasoro nimefika. Kabla niweke hata begi chini naangalia friza, inafaa isome nyuzi 80 chini ya sifuri, iko sawa. Halafu inkubeta, nyuzi 37, gesi ya kaboni dioksidi asilimia 5. Seli zangu zinalelewa humo kama watoto wachanga, zinaogelea kwa kimaji cha rangi ya waridi, na hicho kimaji kikianza kuwa manjano ujue zimekula zikachafua. Zilianzia kwa msichana wa miaka minne aliyekuwa na saratani huko Marekani mwaka 1970, na mpaka leo zinagawanyika tu.

Kazi yenyewe sasa. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wako lakini unakula karibu asilimia 20 ya nguvu ya mwili, na nguvu hiyo inatengenezwa na mitokondria, vile vimashine vidogo ndani ya seli. Mimi nasoma Alzheimer, ule ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu asahau. Tangu daktari Alois Alzheimer auleze 1906, macho mengi yamekuwa kwa zile protini zinazogandamana kwa ubongo, hasa amiloidi. Mwaka 2004 watafiti wawili, Swerdlow na Khan, wakaja na wazo lingine, kwamba kwa wale wanaougua uzeeni labda mitokondria ndio huchoka kwanza na amiloidi ikafuata nyuma. Watu bado wanavutana. Mimi siko timu yoyote, kwanza jaribio langu linaenda kinyume chake, namwagia seli amiloidi nione kama mitokondria zitazima, na zikizima haimaanishi hao wawili wamekosea, inamaanisha tu barabara inapitika pande zote mbili. Hii nimeeleza kwa mikutano mpaka nimechoka.

Saa nne na nusu nishaweka rangi. Hiyo rangi ni tamu sana kuangalia, mitokondria yenye nguvu inawaka nyekundu, iliyoishiwa inabaki kijani. Dakika kumi ndani, stima ikapotea. Kimya. Friza ikaanza kupiga mayowe, mzee wa jenereta hashiki simu, na mwanafunzi wangu anacheka ati mitokondria ya jengo imekufa. Nikamwambia ashike tochi. Jenereta ilikuja kunguruma baada ya dakika arubaini hivi, aki hizo ni nyingi.

Saa saba chapo madondo kwa kibanda, na mamangu akapiga. Shosho hakulala, usiku kucha anauliza mama yake ameenda wapi. Kijijini walianza kwa kusema ni uzee, wengine wakasema amerogwa, hiyo stori siitaki. Yeye ndiye mzaa mama, na mitokondria mtu huipata kwa mama yake, kwa hivyo zangu ni zake, zile zile jeni 37, herufi 16,569 za DNA. Hiyo haisemi na mimi nitaugua, ugonjwa haurithiwi rahisi hivyo, lakini siku zingine nikiwa kwa hadubini huwa nakumbuka.

Saa tisa naangalia. Seli zenye amiloidi, kijani. Sawa, ndio nilitarajia. Nikasogeza sahani kwa zile ambazo sikuziwekea kitu, zile za kulinganisha, nazo kijani. Zote. Zilipigwa na baridi inkubeta ikiwa imezima, kwa hivyo siwezi sema chochote kuhusu amiloidi, siku nzima imeenda kwa ndoo ya taka. Rangi iliyobaki inatosha majaribio mawili na ingine inatoka ng'ambo, mara ya mwisho tulingoja wiki nane. Nimeandika kila kitu kwa daftari pamoja na saa stima ilipotea, Ijumaa narudia.

Saa moja usiku niko kwa jam, nikampigia shosho. Akaniita kwa jina la mamangu, akauliza kama nimekamua. Ng'ombe iliuzwa kitambo. Nikamwambia nimekamua, lita sita.